Darasa la sheria la Jumamosi, Mtwara mjini: je, mji ulipe kwa kumhifadhi mhamiaji?

Kwa muda sasa ofisi moja ya mawakili hapa Mtwara mjini imekuwa ikiendesha darasa la sheria kwa wananchi wa kawaida kila Jumamosi jioni. Kiingilio ni shilingi 5,000, na kwa fedha hiyo mhudhuriaji hupata kijitabu cha mada ya siku, chai ya rangi na vitumbua. Mada nyingi ni za hapa hapa nyumbani, kama mirathi, mauziano ya viwanja na madai ya wakulima wa korosho, lakini mara moja moja waandaaji huchukua mjadala wa nje ya nchi. Tathmini hii inahusu darasa lililouliza iwapo miji ya Marekani inayofuata sera za kuwahifadhi wahamiaji iwajibike kisheria, yaani ishtakiwe na kulipa fidia, pale mhamiaji aliyeachiwa na mji anapomdhuru mtu. Nimelichagua darasa hilo kwa sababu ndilo lililoonyesha kwa uwazi zaidi kile ambacho huduma hii inakiweza na kile inachokiacha nusu.

Anayedhani kwamba mada hiyo haimhusu mtu wa Kusini angeshangaa kuuona ukumbi ulivyojaa. Viti vya mbele vilikaliwa na watendaji wa vijiji na wenyeviti wa vitongoji kutoka ukanda wa mto Ruvuma, watu ambao tangu machafuko ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze mwezi Oktoba 2017, na hasa baada ya mji wa Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021, wamekuwa wakiulizwa na wakubwa wao ni nani amevuka, amelala kwa nani na ameondoka lini. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, kwa hiyo anayevuka mara nyingi ni shemeji au mtani wa mtu. Na kumbukumbu hizo hazikuanza juzi: wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, makazi ya Rutamba mkoani Lindi yaliwapokea wakimbizi kutoka ng'ambo, na wazee wa huko bado wanasimulia. Swali la nani ajibu endapo mgeni atafanya ubaya ni swali lao kabisa, hata kama darasa lililitazama kupitia mji wa San Francisco, Marekani.

Mwezeshaji, wakili mwanamke ambaye wahudhuriaji wengi walimwita Dada Wakili, alianza pale panapostahili, yaani kwa kueleza sera hizi ni nini na si nini. Jina la mji wa hifadhi humfanya msikilizaji adhani kwamba mhamiaji akiingia humo hakamatwi kwa lolote. Sivyo. Akiiba anakamatwa, anashtakiwa na anafungwa kama mwingine yeyote. Kinachokataliwa na mji ni kuwafanyia kazi maofisa wa uhamiaji wa Serikali ya Shirikisho. Alichora ubaoni mstari mrefu, akaweka alama mahali mahabusu anapopaswa kutoka, ama kwa dhamana, ama kwa kufutiwa shtaka, ama kwa kumaliza kifungo. Kisha akapaka chaki nzito kipande cha saa 48 kinachofuata alama hiyo. Kipande hicho, alisema, ndicho kinachogombewa. Idara ya uhamiaji, ICE, hupeleka ombi kwamba mtu ashikiliwe kwa muda huo wa ziada ili maofisa wake wafike kumchukua, na mji wenye sera ya hifadhi hujibu kwamba bila hati ya jaji mtu huyo atatoka kwa wakati wake. Nimesoma makala nyingi kuhusu jambo hili ambazo hazikuweza kulieleza kwa uwazi wa mstari ule mmoja wa chaki.

Historia yake aliipitia kwa haraka, na hapakuwa na haja ya zaidi: agizo la polisi wa Los Angeles la mwaka 1979 lililowakataza askari kumsimamisha mtu kwa nia tu ya kujua hadhi yake ya uhamiaji, amri ya Meya Harold Washington wa Chicago ya mwaka 1985, sheria ndogo ya San Francisco ya mwaka 1989, na hatimaye sheria ya jimbo zima la California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Jambo ambalo angepaswa kulitilia mkazo zaidi ni kwamba agizo la Los Angeles lilitolewa wakati polisi wa mji huo wakiongozwa na Daryl Gates, mtu ambaye hakuna anayeweza kumwita mpole. Hoja ya polisi ilikuwa ya kikazi: shahidi anayeogopa kufukuzwa nchini haji kituoni kutoa ushahidi. Watendaji waliokaa mbele wangeielewa hoja hiyo mara moja, kwa kuwa kijiji ambacho wageni wake wanajificha ni kijiji ambacho mtendaji hajui kinachoendelea ndani yake.

Kiini cha darasa kilikuwa kesi ya San Francisco, na hapa huduma ilistahili kila shilingi ya kiingilio. Mwezi Machi 2015 sherifu wa mji, yaani msimamizi wa jela zake, Ross Mirkarimi, aliwaandikia watumishi wake waraka uliowazuia kutoa taarifa fulani kwa ICE, ikiwemo siku na saa ya mahabusu kuachiwa. Mwezi huo huo akaletwa jela ya mji raia wa Meksiko aliyekuwa amekwisha kufukuzwa Marekani mara tano, akikabiliwa na shtaka la zamani la bangi. ICE iliomba ashikiliwe. Shtaka likafutwa, na mwezi Aprili akaachiwa bila ICE kuarifiwa. Tarehe 1 Julai, kwenye gati la mji huo, risasi iliyotoka kwenye bastola aliyokuwa nayo iligonga sakafu, ikaruka na kumuua mwanamke wa miaka 32 aliyekuwa akitembea na baba yake. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona mtu huyo hana hatia ya mauaji, ya kukusudia au ya kutokusudia, mwezi Novemba 2017. Familia ya marehemu ilikuwa tayari imeushtaki mji.

Madai ya familia dhidi ya mji yalitupwa, na Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ikathibitisha uamuzi huo mwezi Machi 2019. Mwezeshaji alizieleza sababu mbili kwa utaratibu mzuri. Ya kwanza ni kwamba sheria ya California inampa kinga mtumishi wa umma kwa uamuzi wa kisera uliomo ndani ya mamlaka yake, hata kama uamuzi huo una kasoro. Kuandika waraka ule ulikuwa uamuzi wa aina hiyo. Ya pili ni kwamba sheria ya Shirikisho ya mwaka 1996, ambayo familia iliitegemea, inakataza kuzuia taarifa kuhusu uraia au hadhi ya uhamiaji ya mtu, na haisemi chochote kuhusu saa ya kumfungulia mlango wa jela. Mhudhuriaji mmoja aliguna kwa sauti kwamba hayo ni maneno ya mawakili ya kukimbilia vichochoroni. Dada Wakili hakukasirika, alimwambia, "Kaka yangu, bila vichochoro hivyo hata diwani wako angeshtakiwa kila anapopiga kura." Jibu hilo lilikuwa la haki, ingawa halikumaliza mguno.

Kilichonivutia zaidi ni suala la bastola, ambalo kijitabu kililitaja kwa sentensi moja tu ilhali ndilo lenye uzito. Silaha ile ilikuwa mali ya mlinzi wa ardhi za umma wa Serikali ya Shirikisho, aliyeiacha ndani ya gari lililoegeshwa mjini. Siku chache kabla ya tukio wezi walivunja kioo wakaichukua. Familia iliishtaki Serikali ya Shirikisho pia kwa uzembe huo, na mwaka 2021 mahakama ile ile ya rufani ikasema kwamba kati ya gari kuvunjwa na mtu kufa yalipita mambo mengi mno kiasi kwamba uzembe ule hauwezi kuhesabiwa kuwa chanzo cha kifo kisheria. Basi tuulize: ikiwa aliyeiacha bastola garini yuko mbali na kifo kile, mwandishi wa waraka kuhusu taarifa za mahabusu, uliomhusu mtu aliyetoka jela miezi miwili na nusu kabla ya tukio, atakuwa karibu kwa kipimo gani? Wanaodai kwamba miji ilipe wanapaswa kulijibu hilo kwanza, na sijaona wakilijibu. Darasa lilikuwa na nafasi ya kuligeuza kuwa swali la jioni nzima, likaliacha lipite.

Upungufu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni ukurasa ambao haumo kabisa kwenye kijitabu. Mada iliwasilishwa kana kwamba mji una hatari ya kushtakiwa pale tu unapomwachia mtu, na kwamba ungemshikilia ungekuwa salama. Ukweli ni kinyume, na bila ukweli huo mjadala wote unalemaa. Mwezi Machi 2014 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tatu, katika shauri la raia wa Marekani mzaliwa wa New Jersey aliyeshikiliwa siku tatu katika jela ya kaunti (yaani wilaya ndani ya jimbo) ya Lehigh, Pennsylvania, baada ya kulipiwa dhamana, ilisema kwamba ombi la ICE ni ombi tu, si amri, na kwamba kaunti iliyochagua kulitii haiwezi kujificha nyuma ya ICE inaposhtakiwa. Mwezi uliofuata mahakama ya Oregon iliiona kaunti ya Clackamas imevunja Katiba kwa kumshikilia mwanamke ambaye angeweza kutoka kwa dhamana ya dola 500 kama asingeambiwa kwamba hata akilipa hatatoka. Kaunti nyingi ziliacha kutii maombi hayo baada ya hukumu hizo, nyingine zikiongozwa na masherifu ambao hawana huruma yoyote ya pekee kwa wahamiaji. Waliogopa gharama. Na gharama ni za kweli: mwaka 2020 kaunti ya Los Angeles ilikubali kulipa dola milioni 14 kwa maelfu ya watu iliowashikilia kupita muda wao kwa maombi ya ICE.

Kwa hiyo ukipitisha sheria inayoufanya mji ulipe kwa kumwachia mtu, huku mahakama zikiutaka ulipe kwa kumshikilia bila hati, umeuweka mji mahali ambapo kila mlango una karani wa mahakama na wito mkononi. Wanasiasa wa Marekani wanalijua hilo. Muswada uliopelekwa na Seneta Thom Tillis mwaka 2019, ambao ungempa mwathirika au familia yake haki ya kuushtaki mji wenye sera ya hifadhi, haukuwa sheria, hata baada ya Rais Trump kuupigia debe katika hotuba yake ya hali ya taifa mwezi Februari 2020. Jimbo la Texas lilichagua njia nyingine mwaka 2017: badala ya fidia kwa mwathirika, kiongozi wa mji anayekaidi maombi ya ICE hutozwa faini, ambayo kwa kosa la kurudia hufikia zaidi ya dola 25,000, na anaweza kuondolewa madarakani, na mahakama ya rufani iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame mwaka 2018. Njia ya Texas inaweza kuitwa kali, lakini angalau inamwambia mtumishi mapema anatakiwa kufanya nini. Fidia haimwambii kitu mpaka mtu awe amekufa.

Kuna jambo la Katiba pia, ambalo mwezeshaji aliligusa vizuri ingawa kwa haraka. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika hukumu za mwaka 1992, 1997 na 2018, imeshikilia kwamba Serikali ya Shirikisho haiwezi kuzilazimisha serikali za majimbo na miji kutekeleza mipango yake. Mwezi Julai 2025 jaji wa Shirikisho mjini Chicago alitumia msingi huo kulitupa shauri la Serikali ya Shirikisho dhidi ya jimbo la Illinois na mji wa Chicago. Mji wenye haki ya kikatiba kukataa kazi fulani hauwezi tena kuadhibiwa kwa kuikataa, isipokuwa kwa mzunguko mrefu wa maneno. Upande wa pili wapo wasomi wanaosema kwamba haki ya kukataa amri ya mkubwa si sawa na kinga dhidi ya madai ya aliyeumia, na hoja hiyo ina nguvu kuliko darasa lilivyokiri.

Saa ya maswali ndiyo iliyoniridhisha zaidi. Mtendaji mmoja wa umri wa makamo, akiwa ameshika daftari lililokunjika kona zote, aliuliza hivi: "Dada Wakili, mimi nimemwandika mgeni kwenye daftari, nimemjulisha mwenyekiti, polisi nimewapigia simu. Kesho yake amemkata mtu panga. Wa kushtakiwa nani, yeye au mimi?" Ukumbi ulicheka, lakini yeye hakucheka. Mwezeshaji alimjibu kwa adabu, akimwita mzee wangu, kwamba aliyekata panga ndiye mhalifu na hilo halina mjadala. Kwa mtendaji swali linakuwa sheria ilimtaka afanye nini na kama alikifanya. Akaongeza kwamba hapa kwetu uhamiaji uko mikononi mwa Serikali Kuu, kwamba halmashauri haina mamlaka ya kutunga sera yake ya kumpokea au kumkataa mgeni, na kwamba kumficha mtu aliyeingia nchini kinyume cha sheria ni kosa la jinai la aliyemficha mwenyewe. Mtendaji aliandika jibu lote, akaomba neno moja lirudiwe.

Jibu lile, kwa maoni yangu, lingetosha kuwa jibu la mada nzima. Baraza la mji lililochaguliwa likikaa wazi na kuamua kwamba polisi wake hawatafanya kazi ya ICE, huo ni uamuzi wa kisiasa, na anayeupinga ana kura yake. Lakini mji huo huo ukiwa umeandika katika sheria yake kwamba mtu mwenye historia ya makosa fulani mazito ICE ijulishwe anapotoka, kisha ofisa wa jela asijulishe kwa sababu faili lilibaki mezani, hapo hatuzungumzii sera. Tunazungumzia uzembe, na sioni kwa nini mji usilipe kama unavyolipa gari lake la taka linapomgonga mtu. Tofauti hiyo kati ya kuamua na kuzembea darasa halikuichora ubaoni, ingawa chaki ilikuwepo.

Wanaotaka miji ilipe kwa sera yenyewe hudai kwamba sera hizo huongeza uhalifu. Utafiti wa David Hausman uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la kisayansi la PNAS ulikuta kwamba sera za hifadhi zilipunguza idadi ya watu wanaofukuzwa nchini kwa takribani theluthi moja, bila athari inayopimika kwa uhalifu. Wastani, bila shaka, haumfariji mzazi aliyepoteza mtoto gatini. Kwake ningependa darasa lingetaja kwamba kila jimbo la Marekani lina mfuko wa kuwafidia waathirika wa uhalifu, ambao haumtaki mtu athibitishe nani alisaini waraka gani. Kuupanua mfuko huo kungeyafikia machungu ya familia haraka kuliko kesi ya miaka kadhaa.

Kuhusu huduma kwa ujumla wake: ukumbi una hewa ya kutosha, kipaza sauti kinafanya kazi, na darasa lilianza kwa kuchelewa kidogo tu. Vitumbua viliisha kabla ya waliokaa nyuma kufikiwa. Kijitabu kimeandikwa kwa Kiswahili safi, isipokuwa majina ya kesi hayakupangwa kwa miaka, jambo linalomfanya msomaji adhani hukumu ya 2021 ilitangulia ya 2019. Kwa mtumishi wa halmashauri, mwenyekiti wa mtaa au mwanafunzi wa sheria, napendekeza darasa hili bila kusita. Kwa anayetafuta ushauri juu ya shauri lake binafsi halifai, maana mwezeshaji hukataa, kwa haki, kuyajadili mashauri ya mtu mbele ya watu.

Nilimweleza mwezeshaji baada ya darasa kuhusu hukumu za Lehigh na Clackamas. Alizifahamu zote mbili. Alisema ziliondolewa ili kijitabu kisizidi kurasa walizoweza kuzichapa kwa kiingilio kile. Kwa upande wangu ningelipa shilingi 1,000 zaidi ili zirudishwe. Darasa linalofuata ni la Sheria ya Mashauri ya Serikali, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2020 inamtaka anayeishtaki halmashauri kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kufungua shauri Mahakama Kuu. Watendaji wa ukanda wa mto waliandikisha majina yao kabla ya kuondoka, na anayetaka kiti cha mbele afike mapema.